Kutoka takwimu hadi uamuzi: mwongozo kamili kwa mwunganishi wa maarifa katika halmashauri

Ofisi ya mipango ya halmashauri yoyote Tanzania Bara leo imezungukwa na mifumo. PlanRep ni ya mpango na bajeti, FFARS ni ya fedha za zahanati na shule, MUSE ni ya malipo, TAUSI ni ya mapato. Afya ina DHIS2 kwa takwimu za jumla na GoTHOMIS kwa kumhudumia mgonjwa kituoni. Tafiti nazo hazikosekani: NIMR (taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) wanachunguza magonjwa, TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) wanachunguza mazao, NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) wana matokeo ya sensa. Kinachokosekana ni mtu ambaye kazi yake ni kuchukua swali la mwenye kuamua, kulipeleka kwenye takwimu na kwa wataalamu, kisha kulirudisha likiwa na jibu fupi kabla kikao hakijafunguliwa.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu huyo. Anaweza kuwa mchumi, mtakwimu, afisa TEHAMA au mratibu wa MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya. Nitamwita mwunganishi wa maarifa. Nimechagua halmashauri kwa sababu ndipo takwimu, fedha na wananchi hukutana karibu zaidi kuliko ngazi nyingine yoyote ya serikali.

Tuliwahi kuifanya kazi hii hapa nchini

Kabla ya hatua zenyewe, ni vizuri kujua yaliyofanyika Rufiji na Morogoro Vijijini kuanzia miaka ya 1990. Wizara ya Afya, ikishirikiana na shirika la utafiti la IDRC la Canada, iliendesha mradi ulioitwa TEHIP. Swali lake lilikuwa moja: wilaya ikipanga fedha zake za afya kwa kufuata magonjwa yanayoua watu wake, je, vifo vitapungua?

Ili kulijibu, watumishi walipita nyumba kwa nyumba wakiandika waliozaliwa, waliohama na waliofariki. Palipotokea msiba waliwauliza ndugu dalili alizokuwa nazo marehemu. Ilibidi wafike majumbani kwa sababu wengi walifia huko huko na hawakuonekana kwenye rejista yoyote ya hospitali. Kisha matokeo hayo yakalazwa sambamba na bajeti ya wilaya, na tofauti ikaonekana waziwazi. Morogoro, malaria ilibeba karibu asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini katika bajeti ya 1996 ilipewa asilimia 5 tu. Kundi la magonjwa ya watoto, kama nimonia, kuhara na utapiamlo, lilibeba asilimia 28 na kupewa 13. Kifua kikuu, ambacho mzigo wake haukufika asilimia 4, kilichukua 22.

Timu za afya za wilaya zilipoona hivyo zilihamisha fedha, zikawafundisha wahudumu namna ya kumtibu mtoto mgonjwa kwa ujumla wake, na zikasukuma matumizi ya vyandarua. Fedha za nyongeza zilizotumika zilikuwa karibu senti 80 za dola kwa mtu kwa mwaka. Ndani ya takriban miaka mitano, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano katika wilaya hizo vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40.

Sidai kwamba grafu peke yake iliokoa watoto. Wahudumu walifundishwa, dawa zilinunuliwa, usimamizi ulibadilika. Lakini tazama chombo chenyewe kilivyokuwa: nguzo mbili kwenye karatasi, moja ya mzigo wa ugonjwa na nyingine ya fedha. Mganga Mkuu wa Wilaya hakuhitaji kujua hesabu za kitakwimu ili aielewe, na tena alikuwa na mamlaka ya kuhamisha fedha hizo. Mambo haya mawili, yaani chombo kinachozungumza lugha ya bajeti na mkono unaoweza kuamua, ndiyo nitakayoyarudia katika kila hatua.

Hatua ya 1: Anza na uamuzi, na tarehe yake

Kosa linaloua juhudi nyingi za namna hii ni kuanza na mfumo. Mtu anafungua DHIS2, anavutiwa na grafu, anatengeneza taarifa ya kurasa 40, kisha anatafuta wa kumpelekea. Geuza mwelekeo.

Chukua kalenda ya mwaka wa fedha, unaoanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni. Andika humo lini mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti hutoka Wizara ya Fedha, lini vijiji na kata huleta vipaumbele vyao, lini menejimenti hukaa, lini kamati za kudumu hukutana, na lini Baraza la Madiwani hupitisha. Baraza hukutana kwa kawaida kila baada ya miezi mitatu. Bunge hujadili bajeti kati ya Aprili na Juni, na kufikia hapo dirisha lako limeshafungwa zamani. Takwimu nzuri iliyofika wiki moja baada ya kikao haina tofauti na takwimu isiyokuwepo.

Baada ya hapo nenda kwa Mkurugenzi na wakuu wa divisheni, uwaulize: katika robo hii, ni maamuzi gani matatu yanayokunyima usingizi? Usiulize wanataka takwimu gani. Ukiuliza hivyo utapewa orodha ndefu isiyo na mwisho.

Katika mwongozo huu nitatumia uamuzi mmoja unaojirudia karibu kila halmashauri: maboma, yaani majengo ambayo hayajakamilika. Wananchi wamejenga kuta za zahanati kwa nguvu zao katika vijiji kadhaa, na fedha za mapato ya ndani zinatosha kumalizia boma moja tu mwaka huu. Lipi?

Hatua ya 2: Pata kibali na mahali pa kukaa

Kazi hii bila barua ya Mkurugenzi hugeuka umbea wa ofisini. Andika dokezo sabili (andiko fupi la ndani ya ofisi) la ukurasa mmoja ukieleza unataka kufanya nini, utahitaji kuona mifumo ipi, na utawasilisha wapi. Omba mambo matatu tu: haki ya kusoma takwimu za divisheni husika (kusoma, si kubadilisha), nafasi ya kudumu ya dakika kumi kwenye kikao cha menejimenti, na mtu wa kushirikiana naye kila divisheni.

Kikazi, Divisheni ya Mipango na Uratibu ndipo mahali panapofaa zaidi, kwa sababu bajeti hupita hapo. Kitengo cha TEHAMA ni mshirika wa lazima, lakini kazi hii ikiwekwa huko peke yake, watu wataiona kuwa ni ya kompyuta na wataacha kuja na maswali.

Hatua ya 3: Andika daftari la maarifa

Fungua lahajedwali moja. Kila mstari ni chanzo kimoja, na safu zake ni: kinahifadhi nini, nani kwa cheo ndiye mwenye akaunti, kinasasishwa lini, kinashuka hadi ngazi gani (mkoa, kata, kijiji, kituo), na udhaifu wake unaojulikana. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote. Mratibu wa MTUHA anajua kituo gani hujaza taarifa kwa kukisia. Liandike hilo, usimwache alibebe kichwani.

Katika daftari hilo waingize watu pia. Mtendaji wa kijiji anajua kivuko kipi hufungwa masika. Mkunga wa jadi anajua kina mama wangapi wamejifungulia nyumbani mwaka huu. Afisa ugani anajua kwa nini wakulima wameikataa mbegu ambayo utafiti uliisifu. Haya ni maarifa kamili, yana mwenyewe na yana tarehe, na yanastahili mstari wake sawa na DHIS2.

Kwa boma letu, vyanzo vitakuwa: idadi ya watu wa kila kijiji kutoka Sensa ya 2022, waliojifungulia vituoni kutoka rejista ya wazazi, ile Kitabu Namba 12 cha MTUHA, umbali hadi kituo cha karibu, idadi ya watumishi waliopo, na taarifa za watendaji kuhusu njia.

Hatua ya 4: Zihakiki takwimu kabla hujazisimamia

Hapa ndipo nakuomba utumie muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote. Ukikamatwa na tarakimu moja mbovu mbele ya madiwani, utahitaji mwaka mzima kuaminiwa tena.

Anza na ukamilifu wa taarifa. Kata ikionekana kuwa na malaria kidogo, uliza kwanza kama vituo vyake vyote vilileta taarifa za miezi yote. Ukimya wa kituo kwenye grafu hufanana kabisa na afya njema.

Kisha kagua kigawanyo. Mara nyingi utaona kiwango cha chanjo kimevuka asilimia 100, na wapo wanaocheka na kuufunga ukurasa. Usicheke, tafuta sababu. Aghalabu idadi ya watoto inayotumika kugawanya ni makadirio yaliyopitwa na wakati. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923 na ya 2022 ikahesabu 61,741,120, na ongezeko hilo halikugawanyika sawa: kuna kata zilizojaa wageni wa machimbo au mashamba mapya, na nyingine zilizokimbiwa. Sababu nyingine ni kwamba wazazi huvuka mpaka wa wilaya kufuata huduma iliyo karibu, wakahesabiwa upande wasiokoishi. Tarakimu hiyo ya ajabu huwa inakueleza jambo la kweli kuhusu mwenendo wa watu.

Tatu, nenda kituoni. Chagua vituo vitatu na miezi miwili. Hesabu kwa kidole waliojifungua kwenye Kitabu Namba 12, ulinganishe na fomu ya mwezi, kisha na kilichomo DHIS2. Tofauti ikiwepo, andika ni kubwa kiasi gani na imetokea wapi: kwenye kuhesabu, kwenye kunakili, au kwenye kuingiza. Zungumza na muuguzi kwa heshima. Huyu ni mtu anayejaza rejista nyingi huku foleni ya wagonjwa ikimngoja, na ukimwendea kama polisi utaharibu takwimu za mwaka ujao kwa sababu atakuandikia unachotaka kukiona.

Mwisho, tafuta chanzo cha pili kisichotegemea cha kwanza. Rejista ya kituo haiwezi kukwambia nani hakufika kituoni. Hilo ndilo somo kubwa la kupita nyumba kwa nyumba kule Rufiji. Kwa boma letu, waombe watendaji wa vijiji na wahudumu wa afya ngazi ya jamii waorodheshe idadi ya waliojifungulia nyumbani kwa miezi sita iliyopita, bila majina.

Hatua ya 5: Chagua zana zinazotosha, si zinazong'aa

Nashauri hivi. Kwa kuchambua, Excel inatosha kwa maswali mengi ya halmashauri, na DHIS2 yenyewe ina majedwali, grafu na ramani za ndani ambazo wengi hawajawahi kuzifungua. Kwa kukusanya taarifa za haraka kutoka vijijini, KoboToolbox hufanya kazi kwenye simu hata pasipo mtandao na hutuma pale mawimbi yanapopatikana. Kwa ramani nzuri zaidi tumia QGIS, ambayo ni ya bure. Usinunue wala usitengeneze mfumo mpya kabla ya kuuliza Mamlaka ya Serikali Mtandao, kwani Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 inasimamia mifumo ya taasisi za umma, na nia yake mojawapo ni kuzuia kila ofisi kujenga cha kwake.

Halafu kuna WhatsApp. Tukubali ukweli: kazi nyingi za serikali hupita kwenye makundi ya WhatsApp. Litumie kundi kwa kukumbusha, kuuliza na kusambaza muhtasari ulioidhinishwa. Uamuzi wenyewe, na nyaraka zake, upite Ofisi Mtandao au barua pepe ya serikali, mahali ambapo jalada litabaki hata simu ikipotea.

Kuhusu siri za watu sina nafasi ya kulegeza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika kwa ofisi ya umma kama inavyotumika kwa kampuni. Usipige picha rejista yenye majina ukaituma kwenye kundi. Usinakili taarifa za wagonjwa kutoka GoTHOMIS kwenda kompyuta yako. Usibandike nyaraka za ndani kwenye tovuti za tafsiri au za akili mnemba. Na kumbuka kwamba tarakimu ndogo humtaja mtu: ukiandika kuwa kijiji fulani kilikuwa na kifo kimoja cha mama mzazi mwezi Machi, kijiji kizima kinajua ni nani. Panda ngazi, andika kwa kata au kwa mwaka.

Jambo dogo lakini muhimu: hesabu uliyoikokotoa mwenyewe usiiite takwimu rasmi. Takwimu rasmi zina utaratibu wake chini ya Sheria ya Takwimu na NBS. Andika "uchambuzi wa ndani wa halmashauri", utaje chanzo na tarehe uliyochota.

Hatua ya 6: Andika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili

Tafiti nyingi na sehemu kubwa ya mifumo ipo kwa Kiingereza, wakati Baraza la Madiwani linajadili kwa Kiswahili. Aliyeukosa ufasaha wa Kiingereza hana upungufu wa akili ya kuamua. Mwenye wajibu wa kuvuka ni wewe. Usitafsiri neno kwa neno. Funga ripoti, jiulize inasema nini kuhusu wilaya hii, kisha andika.

Mpangilio ninaoupendekeza ni huu, na tarakimu zake ni za mfano tu:

*Swali:* Boma lipi kati ya matatu limaliziwe kwa mapato ya ndani mwaka huu?

*Jibu:* Boma la Kijiji B.

*Sababu:* Kijiji B na vitongoji vyake vina watu 4,100 na kituo cha karibu kipo kilomita 14, na njia hukatika masika. Katika kila wajawazito kumi, sita walijifungulia nyumbani. Kijiji A kina watu wengi zaidi, 5,300, lakini kipo kilomita 4 kutoka kituo cha afya, na wanane kati ya kumi hufika. Kijiji C kina kituo jirani katika wilaya ya pili ambacho wananchi wake tayari wanakitumia.

*Tusichokijua:* Idadi ya waliojifungulia nyumbani imetoka kwa watendaji, haijahakikiwa kaya kwa kaya.

*Gharama na sharti:* Shilingi kadhaa kwa ujenzi. Jengo halitafunguliwa bila watumishi wawili na nyumba ya mtumishi. Pasipo hayo, tunapendekeza fedha ziende kwingine.

*Njia mbadala:* Kuimarisha usafiri wa dharura wa m-mama. Mfumo huu, ulioanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022, humwezesha mama au mhudumu kupiga 115 bure na kupata gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa. Kabla ya kujenga, angalia madereva wangapi wamesajiliwa Kijiji B na kama simu inashika.

Kipengele cha "tusichokijua" usikiondoe hata ukiombwa. Kukitaja udhaifu mwenyewe ni bora kuliko kutajiwa na Mheshimiwa Diwani anayekijua kijiji kuliko wewe. Na sentensi ya sharti kuhusu watumishi ndiyo yenye uzito kuliko zote ukurasani, maana zahanati iliyokamilika ikakosa mhudumu ni kuta tu zilizopakwa rangi.

Epuka asilimia zenye desimali. "Sita kati ya kumi" husikika ukumbini, "asilimia 61.7" haisikiki. Ramani moja au grafu ya nguzo inatosha, na iwe inasomeka ikichapishwa kwa wino mweusi, kwa sababu ndivyo itakavyochapishwa.

Hatua ya 7: Fika kabla ya kikao

Muhtasari unaosomwa mara ya kwanza ukumbini huzaa ubishi. Siku chache kabla, mfuate mwenyekiti wa kamati, umweleze na umsikilize. Wafuate pia madiwani wa kata ambazo hazikuchaguliwa. Diwani wa kata yenye Kijiji A ana wananchi waliobeba mawe na maji kujenga boma lao, na madai yake ni ya haki. Usimfiche tarakimu. Mwonyeshe mstari wa kijiji chake, muulize kama kuna kisichoandikwa, na ukipata la kweli libadilishe jibu lako. Nimesisitiza hilo kwa sababu mwunganishi wa maarifa si wakili wa pendekezo lake. Kazi yake ni kuhakikisha waliochaguliwa na wananchi wanaamua wakiwa wanaona. Wakiamua tofauti baada ya kuona, hiyo ni haki yao, na wewe andika sababu walizotoa.

Ukumbini zungumza kwa dakika tano. Acha muda wa maswali.

Hatua ya 8: Fuatilia uamuzi, rudisha majibu

Weka daftari la maamuzi: tarehe, kikao, ushahidi uliowasilishwa, kilichoamuliwa, aliyekabidhiwa kwa cheo, fedha iliyotengwa kwenye PlanRep, iliyolipwa kupitia MUSE, na hali ilivyo kila robo mwaka. Fedha iliyotengwa na fedha iliyofika ni vitu viwili tofauti, na pengo kati yake ndilo swali lako la robo inayofuata.

Kisha rudi kwa waliokupa takwimu. Muuguzi aliyekuhesabia rejista apate nakala ya ukurasa ule na aone tarakimu yake ilipofika. Mtendaji wa kijiji asome matokeo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao nao hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na katika vijiji vilivyokosa aeleze kwa nini. Hatua hii huachwa kwa kisingizio cha kukosa muda, ilhali ndiyo inayoboresha takwimu kuliko semina yoyote: mtu akiona karatasi aliyoijaza imejenga kitu, huijaza vizuri zaidi.

Hatua ya 9: Jiandae kuhamishwa

Mtumishi wa umma huhamishwa, wakati mwingine kwa barua ya wiki moja. Daftari la maarifa na la maamuzi yasikae kwenye barua pepe yako binafsi wala kwenye flashi. Yawe kwenye akaunti ya ofisi, na watu wawili wenye vyeo tofauti wawe na haki ya kuyafungua. Majina ya mafaili yaanze na mwaka wa fedha. Andika ukurasa wa makabidhiano leo, hata kama huna dalili ya kuondoka: swali lipi liko njiani, nani amesubirishwa, kituo kipi takwimu zake zisiaminiwe bila kwenda, na kikao kijacho ni lini. Ukurasa huo usasishwe kila baada ya Baraza la Madiwani, na nakala yake iwe masijala.